Route 66 kwa gari: chagua kipande, usiimalize yote

Wengi wakija Marekani wanataka Route 66 nzima, ile barabara kongwe maarufu, Chicago mpaka Santa Monica, California, kilomita kama 3,900, na muda walionao ni wiki moja. Wageni wangu huwa nawaambia tukate kipande cha Tulsa (Oklahoma) mpaka Kingman (Arizona), hapo ndo pamejaa vitu.

Hatua ya 1: gari. Kodi Tulsa, rudisha Las Vegas, ila uliza mapema wanachaji shingapi ukirudisha mji mwingine, hiyo pesa inaweza kukushtua. Beba leseni ya nyumbani na ile ya kimataifa. Kwenye sheli unajaza mwenyewe, na mara nyingi pampu ikisoma kadi inadai namba ya posta ya Marekani ambayo huna, basi usihangaike nayo, ingia dukani, mtajie keshia namba ya pampu, lipa, toka ujaze wese lako.

Hatua ya 2: ramani. Barabara ya zamani ilianza 1926 ikafutwa rasmi 1985, hawei mpya zilishachukua magari yote, so simu ukiiandikia "Amarillo" inakutupa kwenye hawei unakula malori tu mpaka unafika. Andika jina la kituo chenyewe, sio mji, na kwa siku viwili vitatu vinatosha.

Hatua ya 3: vituo. Anza Catoosa, nje kidogo ya Tulsa, kuna nyangumi wa bluu wa zege kakaa kwenye bwawa, mzee Hugh Davis alimjengea mkewe zawadi ya kuadhimisha miaka ya ndoa yao kwa sababu mama alikuwa anapenda kukusanya visanamu vya nyangumi. Watoto wanampenda kweli.

Halafu Amarillo, na hapa naomba usikimbie. Kuna gari 10 aina ya Cadillac zimezikwa shambani pua chini tangu 1974 na kila mtu anaruhusiwa kuzipulizia rangi, rangi imelaliana tabaka juu ya tabaka mpaka kona za bodi zimevimba, ukishika pale mtu ametoka kupuliza unaondoka na kiganja cha pinki. Vaa nguo za kazi, simama upepo ukitokea mgongoni, na kopo tupu ondoka nalo jamani.

Usiku lala Tucumcari, lakini fika kabla giza halijaingia uone taa za neoni za Blue Swallow zikiwashwa, moteli hiyo ipo tangu 1939. Vyumba vichache, weka nafasi mapema. Albuquerque ni ya kula pilipili ya kijani na kupumzika, Holbrook kuna vyumba vya zege vyenye umbo la hema la Wahindi Wekundu, piga picha usonge.

Ukitoka Kingman panda mlima mpaka Oatman, punda wanazurura katikati ya mtaa, uzao wa wale walioachwa na wachimba dhahabu. Kona ni kali na sehemu nyingi hakuna kingo, kwa hiyo pita mchana, gia ndogo wakati wa kushuka. Hapo Las Vegas haiko mbali, rudisha gari tenki likiwa limejaa.