Fosforasi iliyofungwa ndani ya pumba: mfugaji wa kuku aifungueje?

Mfugaji anayechanganya chakula cha kuku mwenyewe anaijua vizuri bei ya DCP (unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi) na unga wa mifupa, maana ukiacha dagaa na soya, madini hayo nayo yanauma mfukoni. Kinachonisikitisha ni kwamba sehemu ya fosforasi anayoifuata dukani tayari anayo ghalani. Imo kwenye pumba, kwenye mashudu ya alizeti na kwenye mahindi yenyewe. Kuku huimeza kila siku, kisha nyingi huitoa kwenye kinyesi bila kuitumia.

Nafaka na mbegu za mafuta huweka akiba yao ya fosforasi kwa namna ya fitati. Hii ni inositoli, kitu cha jamii ya sukari chenye umbo la pete, iliyobeba fosfeti 6. Takribani theluthi mbili ya fosforasi yote ya nafaka imo humo. Kwenye mahindi fitati imejaa zaidi kwenye kiini; kwenye ngano na mpunga imo katika tabaka za nje, yaani zilezile pumba tunazolishia. Mbegu ikianza kuota hutumia kimeng'enya kiitwacho fitezi kuzibandua fosfeti hizo na kulisha mche. Ng'ombe na mbuzi hawana shida, kwa sababu bakteria wa tumboni mwao wanacho. Kuku na nguruwe wanacho kidogo mno. Ndiyo maana katika kupanga chakula cha kuku hatuhesabu fosforasi yote iliyomo, tunahesabu ile inayopatikana.

Fitati ina madhara mengine pia. Hushika kalsiamu, zinki na chuma, navyo vikapotea pamoja nayo.

Pete hiyohiyo ya inositoli, ikiwa na fosfeti 3 tu, ina kazi tofauti kabisa ndani ya mwili. Mwaka 1983 watafiti wa Ujerumani na Uingereza walionyesha, kwa kutumia seli za kongosho la panya, kwamba inositoli yenye fosfeti 3 ndiyo inayofungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli. Chakula kinapoingia tumboni, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye kongosho. Kwenye utando wa seli hukatwa molekuli hiyo ndogo, kalsiamu humwagika ndani ya seli, na vimeng'enya vya kumeng'enya chakula hutoka. Mwili huitengeneza wenyewe kutoka kwenye mafuta ya utando wa seli, hivyo kumlisha kuku fitati nyingi hakumwongezei molekuli hiyo. Kinachotakiwa ni fosforasi na kalsiamu za kutosha, na zikipungua banda huonyesha dalili.

Mshike kifaranga wa wiki mbili au tatu. Bonyeza ncha ya mdomo kwa kidole gumba: ukipinda kama mpira, mifupa haijapata madini. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari uone kama umejikunja. Vifaranga wa namna hii hukaa chini wakati wenzao wanakula, na wakitembea huburuza miguu. Upungufu wa vitamini D huleta dalili zilezile, kwa hiyo angalia pia kama premiksi yako (mchanganyiko wa vitamini na madini) imepitwa na muda.

Dawa nzuri ya tatizo hili ni fitezi ya dukani. Imekuwa sokoni tangu mwaka 1991, ilipoanza Uholanzi, nchi iliyokuwa imezidiwa na fosforasi ya kinyesi cha mifugo. Kiwango cha kawaida ni yuniti 500 (kipimo cha nguvu ya kimeng'enya) kwa kila kilo ya chakula. Kama pakiti imeandikwa yuniti 5,000 kwa gramu, kilo 100 za chakula zinahitaji gramu 10 tu. Usizimwage moja kwa moja kwenye lundo. Zichanganye kwanza na kilo moja ya pumba, kisha kilo 10, ndipo uingize kwenye chakula chote, la sivyo kuku mmoja atapata yote na mwingine hatapata kitu.

Kwa kiwango hicho unaweza kupunguza DCP kwa takribani nusu kilo katika kila kilo 100. Usiiondoe yote. Fitezi ni protini, na joto la zaidi ya nyuzi 80 huiharibu. Kama unapeleka chakula kwenye mashine ya kutengeneza vidonge kwa mvuke, nunua ile iliyofunikwa kustahimili joto. Ihifadhi pakavu na penye ubaridi, si chini ya bati.

Sasa chokaa, inayoongeza kalsiamu kwenye chakula. Hapa ndipo naona wafugaji wengi wanapoumia. Kalsiamu ikizidi hung'ang'aniana na fitati, na fitezi hushindwa kuifikia. Kuku wa mayai wanahitaji kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, lakini kifaranga anahitaji asilimia 1 hivi. Kumpa kifaranga chakula cha kuku wa mayai kwa sababu kimebaki gunia moja ni kumharibia mifupa na figo.

Asiyepata fitezi anaweza kuloweka. Mahindi yana fitezi kidogo, ila pumba za ngano na kimea cha ulezi vinayo ya kutosha. Changanya pumba za mahindi na sehemu ndogo ya mojawapo, mimina maji ya uvuguvugu, funika usiku kucha. Uchachu kidogo unasaidia, kwa kuwa kimeng'enya hiki hupenda mazingira ya asidi kiasi. Lisha siku hiyohiyo na usafishe vyombo. Kimea cha mtama usikitumie pamoja na machipukizi yake, kwa sababu yana sianidi. Na pumba zenye ukungu zisilowekwe kabisa, kwa sababu sumukuvu haitoki kwa kuchachusha.

Wapo pia wanaosaga mawe ya fosfeti ya mbolea wakidhani wameokoa gharama ya DCP. Mawe hayo yana floraidi nyingi, ambayo hujikusanya kwenye mifupa ya kuku na kuidhuru. Yapelekeni shambani.