Lipi Lisemwe Hadharani, Lipi Libaki Faraghani: Mwongozo kwa Watengenezaji wa Programu Huria

Tuchukue mfano wa kikundi cha vijana wa Lamu kinachotengeneza programu huria, yaani ambayo yeyote aweza kuusoma na kuurekebisha msimbo wake, ya kuonyesha nyakati za maji kujaa na kupwa, ili nahodha anayekusudia kupita mlango wa bahari wa Mkanda kuelekea kisiwa cha Pate ajue saa ya kung'oa nanga. Kwa kuwa wachangiaji wengine wako Malindi na hata ng'ambo, kazi huendeshwa kwa barua pepe. Kikundi kama hicho huhitaji orodha mbili za barua pepe, ambazo ujumbe ukitumwa humfikia kila aliyejiunga: ya wazi, ambayo yeyote aweza kujiunga nayo na kusoma kumbukumbu zake, na ya faragha, iliyo ya wasimamizi wachache. Kuzifungua ni kazi ndogo. Kazi ni kuamua jambo gani liende wapi.

Kila jambo lianzie kwenye orodha ya wazi mpaka ipatikane sababu ya kulitoa huko. Hitilafu katika hesabu za bamvua, mjadala wa leseni, ratiba ya toleo lijalo, hata ubishi mkali wa kiufundi, yote ni ya hadharani. Apache Software Foundation, shirika la programu huria lililoundwa Marekani mwaka 1999, hushikilia kwamba uamuzi usiofikishwa kwenye orodha ya barua pepe ni kama haujafanyika, na kura zake kwa kawaida huachwa wazi kwa saa 72 au zaidi, ili aliyelala upande wa pili wa dunia, au aliyekatikiwa umeme, asipitwe. Kwetu adui wa kanuni hii ni WhatsApp. Wanachama wawili watatu wakikubaliana huko, au wakiafikiana barazani baada ya Isha, mmoja wao na aandike muhtasari kwenye orodha ya wazi, aulete kama pendekezo pamoja na sababu zake, kisha asubiri majibu. Mchangiaji mgeni anayekuta maamuzi yasiyo na sababu hana pa kujifunzia.

Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka, anapopokewa mgeni, na ina ndani, kwa wenye nyumba; lakini mazungumzo ya daka hayahamishiwi ndani kwa sababu tu yamekuwa makali. Yanayostahili faragha ni machache. Kumjadili mtu kama anafaa kupewa ruhusa ya kubadilisha msimbo ni mojawapo, maana wasimamizi watasema kweli, na asiyekubaliwa hatafedheheka. Malalamiko ya utovu wa adabu na ushauri wa mwanasheria ni vivyo hivyo.

La nne, na zito zaidi, ni udhaifu wa usalama. Tuseme programu yetu huhifadhi namba za simu za manahodha, na mtu agundue njia ya kuzisoma zote. Akiitangaza kabla ya marekebisho, atawafundisha wezi. Kwa hiyo aandike faraghani, naye ajibiwe upesi kwamba ujumbe umefika. Faragha hiyo iwekewe tarehe ya mwisho. Orodha ya faragha wanayoitumia wasambazaji wa Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, huweka kikomo cha siku 14, na mimi naona muda huo unatosha kabisa kwa kikundi kidogo. Machi 2024, mtengenezaji programu Andres Freund alipogundua mlango wa siri, yaani njia iliyofichwa ya kuingilia kompyuta, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu huria ya kubana mafaili, aliwaarifu kwanza wahusika wa usalama kwa faragha, kisha tarehe 29 akaeleza kila kitu hadharani. Ikiwa namba zimeshachukuliwa na pana hatari halisi ya madhara, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 humtaka anayesimamia data kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, hata kama marekebisho hayajakamilika.

Ujumbe wa faragha usinukuliwe hadharani bila idhini ya mwandishi wake. Mjadala wa faragha ukigeuka kuwa wa kiufundi tu, usimamishwe, na swali liandikwe upya kwenye orodha ya wazi bila kutaja majina. Anayeacha usimamizi aondolewe kwenye orodha ya faragha mara moja. Marekebisho ya usalama yakitoka, tangazo la hadharani litaje matoleo yaliyoathirika, toleo la kulihamia, na jina la mgunduzi akiridhia.