Namna ya Kuifikisha Habari Mbaya kwenye Bodi: Mwongozo kwa Kampuni za Vyakula

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa ndani, na baadaye ya ukatibu wa kampuni, katika viwanda vya unga na mafuta ya kula nchini Kenya. Kila kampuni niliyoingia ilikuwa na kijitabu cha kanuni za maadili chenye picha ya mkurugenzi mtendaji akitabasamu. Siku hizi kijitabu hicho mimi hukisoma mwisho. Kwanza huuliza swali moja: kipimo kibaya kikisomwa maabara saa nne asubuhi, wajumbe wa bodi watakijua lini, na kabla ya hapo kitapita mikononi mwa nani? Hatua zifuatazo zinahusu kuijenga njia hiyo.

Hatua ya 1: Lifuate gunia

Kabla hujafungua chati ya vyeo, simama langoni siku nzima. Lori la mahindi likishapimwa kwenye mizani, kijana hupanda juu ya shehena akiwa na bambo, yaani chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli, akatoboa magunia na kukinga punje kwa ajili ya maabara. Angalia anatoboa magunia yapi. Ikiwa ni yale ya ukingoni tu, ambayo mkono unayafikia bila taabu, basi wasafirishaji wamekwisha kulijua hilo, na mahindi makavu hupangwa nje huku yenye ukungu yakifichwa katikati.

Jambo hili si dogo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu (aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu) isiyozidi mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mahindi, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Sumu hiyo haiondoki kwa kusonga ugali. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa sababu yake na 125 wakafariki.

Kutoka langoni endelea hadi maabara, mashineni, ghalani na kwenye dirisha la malipo. Kila kituo andika mambo matatu: nani ana mamlaka ya kukataa, nani anaweza kuutengua uamuzi wake, na kutengua huko huandikwa wapi. Mara nyingi utakuta jambo la tatu halina jibu, kwa kuwa amri ya kutengua hutolewa kwa simu.

Hatua ya 2: Mtenganishe anayezuia na anayeuza

Hapa ndipo penye uzito wote, na kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu, fanya hii. Mkuu wa ubora asiwajibike kwa mkuu wa uzalishaji wala wa mauzo, na bakshishi yake ya mwisho wa mwaka isihesabiwe kwa tani zilizotoka. Kuajiriwa na kuachishwa kwake kuidhinishwe na kamati ya ukaguzi ya bodi. Bechi iliyozuiwa, yaani fungu la bidhaa lililotengenezwa kwa mkupuo mmoja, isifunguliwe ila kwa saini mbili na sababu iliyoandikwa, na nakala imfikie mkaguzi wa ndani siku hiyohiyo.

Wanaodhani ninatia chumvi wasome habari za Peanut Corporation of America. Kampuni hiyo ilisafirisha siagi ya karanga ikiwa na vyeti vya maabara vya uongo, vingine vikiwa vya bechi ambazo hazikuwahi kupimwa. Katika mlipuko wa ugonjwa wa bakteria wa salmonela wa 2008 na 2009, watu 714 walithibitishwa kuugua nchini Marekani na 9 wakafa. Mwaka 2015 mkuu wa kampuni, Stewart Parnell, alihukumiwa kifungo cha miaka 28. Meneja wa ubora naye alifungwa miaka 5, na hukumu hiyo huwa ninawasomea mameneja wa ubora kwa sauti, maana wengi hudhani kwamba amri ya bosi ni mwavuli.

Hatua ya 3: Andika daftari la maslahi linalomtaja shemeji

Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inamtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake katika mkataba wowote unaoihusu kampuni. Iteremshe kanuni hiyo hadi kwa wanunuzi wa nafaka, wapima mizani na wanaopanga malori. Fomu nyingi huuliza kuhusu "mwenzi na watoto", na kila mtu hujibu hapana kwa moyo mweupe, ilhali malori ni ya shemeji na ghala ni la mkwe. Uliza hivi: "Je, kuna mtu yeyote unayehudhuria naye harusi na matanga ya familia ambaye anaiuzia au anaisafirishia kampuni hii?" Tangu nianze kutumia swali hilo, majibu yamekuwa marefu zaidi.

Mkurugenzi mwenye maslahi atoke chumbani wakati wa mjadala, na muhtasari wa kikao uonyeshe alipotoka na aliporudi.

Hatua ya 4: Hongo

Sheria ya Hongo ya 2016 inazitaka kampuni binafsi pia ziwe na taratibu za kuzuia hongo, na mwenye madaraka anayejua au kushuku hongo anapaswa kuiripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Weka saa hizo 24 kwenye utaratibu wako, pamoja na jina la cheo kitakachopiga ripoti. Kuhusu zawadi, taja kiasi kwa shilingi, kwani neno "ndogo" kila mtu ana kipimo chake.

Hatua ya 5: Wape vibarua njia ya kusema

Katika kampuni moja tulitundika sanduku la maoni ukutani, mkabala na mlango wa ofisi ya wafanyakazi, chini ya kamera ya ulinzi. Kwa miezi minane tulipata barua moja, nayo ililalamikia maharage ya kantini. Kosa lilikuwa letu: sanduku tuliliweka mahali palipotufaa sisi.

Tumia namba ya simu inayopokelewa na mtu wa nje ya kampuni, anayesikia Kiswahili na lugha za eneo hilo, na taarifa ziende kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi moja kwa moja. Mpe mtoa taarifa namba ya kumbukumbu, kisha umjibu ndani ya wiki mbili, hata kama jibu ni kwamba uchunguzi unaendelea. Wasimamizi waelezwe kwamba, kwa sheria hiyohiyo ya 2016, kumtisha mtoa taarifa za hongo kunaweza kumpeleka mtu jela hadi mwaka mmoja au kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1.

Hatua ya 6: Karatasi moja, juu ya ajenda

Mwaka 2008 nchini China, maziwa ya unga ya kampuni ya Sanlu yaliyotiwa melamini, kemikali ya viwandani, yaliua watoto wachanga 6 na kuwafanya wengine karibu 300,000 waugue. Fonterra ya New Zealand ilimiliki asilimia 43 ya Sanlu na ilikuwa na wawakilishi kwenye bodi yake, ambao waliambiwa tarehe 2 Agosti. Umma ulitangaziwa tarehe 11 Septemba. Kiti kwenye bodi hakikutosha kuifanya habari itoke. Kwa hiyo kanuni za bodi yako zitamke nani anaamuru bidhaa zirudishwe kutoka madukani, ndani ya saa ngapi, na mjumbe asiyekubaliana na ukimya anamwandikia nani.

Kwa kila kikao andaa ukurasa mmoja tu: bechi zilizozuiwa, zilizofunguliwa na sababu zake, malalamiko ya walaji, taarifa za simu, na vipimo vya maabara huru vikilinganishwa na vya kwetu. Uweke uwe kipengele cha kwanza, kabla ya hesabu za fedha. Kikiwa cha mwisho kitafikiwa saa saba, sambusa zimeshaletwa na wajumbe wawili wanatazama saa zao za ndege.