Somo: Kuunda Mtaa wa Zama za Kati kwa Blender, kwa Mfano wa Shambles, York

Somo hili la Blender, programu ya kuunda maumbo na picha za 3D, linafuata mtaa mmoja halisi, Shambles, ulioko katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Baadhi ya nyumba zake ni za karne ya 14, na kwa muda mrefu ulikuwa mtaa wa wauza nyama, kiasi kwamba mwaka 1872 bado ulikuwa na mabucha 25. Wanafunzi wengi huanza kwa kukusanya tekscha (picha za kufunika nyuso za maumbo) za mawe na mbao, kisha hushangaa kuona mtaa wao unafanana na jukwaa la maigizo. Ninawasihi muanze na seremala: jengeni nyumba kwa mpangilio alioufuata yeye, maana sehemu kubwa ya uhalisia hupatikana kabla tekscha ya kwanza haijapakwa.

Hatua ya 1: Vipimo

Weka vipimo vya mita, simamisha umbo la mtu lenye urefu wa mita 1.7, na usiliondoe hadi mwisho wa kazi. Upana wa njia chini uwe mita 3.5, na dari ya chini iwe mita 2.2 hivi. Kila ghorofa itokeze sentimita 50 mbele ya ile iliyo chini yake. Zikiwa ghorofa mbili kila upande, juu hubaki mwanya wa mita 1.5 tu, na mwanya huo ndio utakaoamua mwanga wa picha nzima.

Hatua ya 2: Fremu ya mwaloni

Hapa ndipo penye uzito wa somo. Mafundi wa wakati ule walichonga mwaloni ukiwa bado mbichi, wakaunga nguzo na mihimili kwa vigingi vya mti, na mbao zikakauka zikiwa tayari ndani ya jengo. Kwa sababu hiyo fremu ilijipinda, lakini haikujipinda ovyo: mhimili hulegea katikati ya nguzo mbili, na nguzo huegemea upande uliobeba uzito mkubwa. Tengeneza kila nguzo kama kitu kinachojitegemea, igawe mara chache kwa urefu, kisha uikunje kwa kufuata uzito, wala usitegemee kelele za nasibu (mipindo ya kubahatisha) za programu. Kingo zote zipitishwe modifaya ya Bevel (zana ya kuondoa ukali wa kingo) ya milimita 5 hadi 10, na uhakikishe kwanza kwamba umethibitisha skeli (ukubwa uliobadilishwa wa kitu) kwa Ctrl+A, la sivyo kingo zitatoka na upana usiolingana.

Ghorofa inayotokeza haining'inii hewani. Mihimili ya sakafu hupita juu ya ukuta wa chini, ikachomoza nje, na ncha zake ndizo zinazobeba ukuta wa juu. Ncha hizo zionekane, kwa kuwa mtazamaji asiyejua lolote kuhusu useremala bado hutambua mzigo usio na kibebeo.

Kuhusu rangi, epuka mbao nyeusi tititi juu ya kuta nyeupe pe. Mtindo huo ulienea hasa katika karne ya 19. Mwaloni ulioachwa bila rangi hubadilika kuwa wa kijivu chenye mng'ao wa fedha.

Hatua ya 3: Kuta, paa na ardhi

Kati ya mbao palijazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, kisha zikapakwa chokaa. Aliyewahi kuona nyumba ya fito na udongo ikikandikwa kijijini anajua kwamba uso wake hubeba mawimbi ya kiganja. Yachonge mawimbi hayo kwa upole. Nyeupe ya chokaa isizidi 0.8, katika kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 1 (nyeupe kabisa). Vigae vya paa visambazwe kwa nodi za jiometri (mfumo wa Blender wa kutengeneza na kusambaza maumbo kwa kanuni), kila kimoja kikizungushwa digrii moja au mbili. Mawe ya njia yateremke kuelekea mfereji wa katikati, uliotumika kusafishia damu na mabaki ya nyama, na unyevu wa sakafu ufuate mfereji huo. Mbele ya maduka weka mbao pana za kuuzia na kulabu za chuma. Hizo zinatosha kuutambulisha mtaa.

Hatua ya 4: Mwanga

York iko karibu nyuzi 54 kaskazini, hivyo jua lake halifiki digrii 60 juu ya upeo hata mwezi Juni. Sisi tuliozoea jua la utosini huliweka juu mno bila kukusudia. Katika nodi ya Sky Texture, inayotengeneza anga na jua, anza na digrii 35, inayokaribia mchana wa Machi. Mwanga mwingi utafika chini kwa kudunda ukutani, kwa hiyo katika Cycles, injini ya Blender ya kutoa picha, pandisha midundo ya Diffuse (mara ambazo mwanga hudunda kwenye nyuso zisizong'aa) kutoka 4 hadi 8. Kamera iwe na kimo cha macho, mita 1.6, na lenzi ya milimita 35.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asante kwa somo. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8 na hukwama nikifika nyumba ya sita. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, jenga nyumba tatu tu, kisha nakili kwa Alt+D badala ya Shift+D, ili nakala zote zitumie data moja. Zizungushe na ubadilishe madirisha. Nyumba za mbali hazihitaji Bevel.

*Kwa nini chokaa yangu inang'aa kama plastiki?*

Pandisha Roughness (kiwango cha ukwaruzo wa uso) hadi 0.9, kisha tazama kama ukuta wako ni bapa kabisa. Mara nyingi kasoro iko kwenye umbo.

*Je, mwalimu, njia hii inafaa kwa mtaa wa Gede, mji wa kale wa pwani ya Kenya?*

Mpangilio wa kazi unafaa, ila muundo ni mwingine kabisa. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, paa ni bapa, na upana wa chumba hutegemea urefu wa boriti za mikoko, yaani mita 2.5 hadi 3 hivi. Hakuna ghorofa zinazotokeza, na nyumba huelekea uani, kwa hiyo kuta za njiani ziache zikiwa tupu. Gede iko nyuzi 3 kusini. Mwezi Machi jua la adhuhuri liweke karibu digrii 90, na kivuli kiwe chini ya ukuta tu.