Mashine ilisimama saa ngapi na kwa nini? Jinsi ya kuandika muda unaopotea kiwandani

Kama unasimamia shifti kiwandani, iwe Vingunguti, Chang'ombe au pale Barabara ya Nyerere, hii nakuandikia wewe. Jioni bosi anauliza mbona mzigo haujatimia, huyu anasema umeme, yule anasema moldi (lile umbo la chuma linaloipa ndoo sura) ilisumbua, fundi anasema opereta, na hamna mwenye namba mkononi. Mimi nipo kwenye plastiki, tunatengeneza ndoo, kwa hiyo mifano yangu ni ya ndoo ila hata kama kwenu ni sabuni au maji ya chupa kazi ni ileile.

Anza na mashine moja tu, ile inayokuumiza kichwa zaidi. Chukua karatasi, piga safu nne: imesimama saa ngapi, imewaka saa ngapi, sababu, na nani kaandika. Iweke kwenye mfuko wa plastiki uning'inize palepale kwenye mashine, kalamu ifunge na kamba maana isipofungwa kesho haipo. Mambo ya kompyuta yatakuja baadae, na opereta aandike muda uleule mashine inaposimama, akisubiri mwisho wa shifti atakuandikia dakika 10, dakika 30, namba za kubuni zote.

Kwenye sababu usiruhusu mtu aandike "hitilafu". Hitilafu gani sasa? Kaa na maopereta wenyewe mpange sababu nane au kumi kwa maneno yao: hita, kubadilisha moldi, malighafi imeisha, tunasubiri fundi, ndoo imenasa, umeme. Kusubiri fundi kuwe peke yake tafadhali, usikuchanganye na kutengeneza, utashangaa mashine inatengenezwa dakika 10 lakini fundi ametafutwa dakika 40.

Na umeme uandike hata kama sio kosa lenu. Hapa wengi tunakosea, umeme unakatika dakika 8 tunaandika 8, wakati hita zimeshapoa na zinahitaji muda kupanda joto tena, halafu ndoo za mwanzo zinatoka mbovu. Mashine haijarudi mpaka itoke ndoo nzima ya kwanza, hapo ndo unaandika imewaka.

Sasa hesabu, wenyewe wanaiita OEE, yaani asilimia ya kazi nzuri iliyotoka ukilinganisha na ile ambayo mashine ingeweza kutoa kwenye muda wake, isikutishe. Shifti ya saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri ni dakika 480, toa 30 za chakula unabaki na 450. Tuseme umeme umekula 25, kubadilisha moldi 50, hita 15, jumla 90, kwa hiyo mashine imetembea dakika 360. Gawa 360 kwa 450 unapata 80%, huo ni upatikanaji. Mashine ikienda vizuri inatoa ndoo moja kila sekunde 30, yaani mbili kwa dakika, dakika 360 zilitakiwa zitoe 720 ila zimetoka 612, hiyo ni 85%, ndo kasi. Kati ya hizo 612, rejekti ni 18, nzima 594, ubora ni 97%. Zidisha zote tatu, 66%. Au njia ya mkato, ndoo nzima 594 gawa kwa 900 ambazo zingetoka kwenye zile dakika 450, jibu ni lilelile, ukipata tofauti kuna mahali umekosea.

Kuna watu watakwambia kiwango kizuri cha OEE ni 85%, ni kweli Mjapani Seiichi Nakajima, aliyeileta hesabu hii, aliitaja hiyo, lakini wewe linganisha mashine yako na yenyewe ya wiki iliyopita kwanza.

Angalia hapo kwenye kasi, ndoo 108 hazipo na hakuna mtu aliyeandika mashine imesimama. Zimeenda wapi? Kwetu jibu lilipatikana kwa dada mmoja opereta, ndoo ilikuwa ikinasa kwenye moldi anafungua mlango, anaigongagonga na kipande cha shaba ili asikwaruze moldi, anafunga, sekunde 40 hivi, nani ataandika sekunde 40? Tukamwambia apige mstari mmoja kila ikinasa, na tukagawa karatasi kwa saa. Asubuhi mistari miwili mitatu, kuanzia saa sita mchana imejaa mpaka pembeni. Kufuatilia tukakuta kichujio cha maji ya kupozea kimeziba, jua la Dar likikolea moldi haipoi vizuri na ndoo inang'ang'ania. Kusafisha kichujio ilikuwa kazi ya nusu saa.

Kitu kimoja nakuomba sana, usimkate mtu mshahara wala kumfokea kwa alichoandika pale. Ukifanya hivo mara moja tu, kuanzia kesho yake karatasi zote zitakuwa safi na mashine itaendelea kusimama vilevile. Yule dada angeogopa, tungekuwa tunamlaumu mpaka leo.

Kila Jumatatu jumlisha dakika kwa sababu, panga kutoka kubwa kwenda ndogo, ubandike ukutani watu wote waone, halafu chagua ile ya juu kabisa na fundi wako mhangaike nayo hiyohiyo wiki nzima. Jumatatu inayofuata mnaangalia imeshuka au bado.