Kabla Hujahamisha Kanda za Familia Kwenye Kompyuta

Nyumba nyingi bado zina kamera ya MiniDV (ya kanda ndogo za video) kabatini, na kanda za harusi, maulidi na watoto ambao leo wana watoto wao. Kompyuta mpya inaweza kuhariri picha hizo bila jasho, ila haina pa kuchomeka kamera. Kompyuta kuukuu ya enzi za Windows XP mara nyingi inalo tundu la FireWire, lile la kuchomekea kamera hizo, ila ukiipa kazi ya kuhariri inakwama. Basi zigawie kazi: kuukuu ivute picha kutoka kwenye kanda, mpya ihariri. Kabla ya hapo, hakikisha haya.

Waya. Tundu la kamera ni la pini 4, la kompyuta ya mezani kwa kawaida ni la pini 6. Kwenye kamera za Sony limeandikwa i.LINK, kwingine DV. Chomeka vyote vikiwa vimezimwa, maana pini 6 hupitisha umeme na tundu linaweza kuungua. USB ya kamera hizo iache. Nyingi waliiweka kwa ajili ya picha za mnato.

Kompyuta kuukuu usiiunganishe na intaneti. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014. Tafuta na UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kwa sababu kanda ya saa 1 huvutwa kwa saa 1 nzima, na umeme ukikatika dakika ya 50 unaanza upya.

Sasa diski, na hapa nisikilize vizuri. Saa 1 ya DV, yaani picha za kanda hizi, hula takribani GB 13 za diski. Mimi nilikuwa na diski ya nje yenye nafasi tele, nikaona nimemaliza. Kanda ya kwanza ilikuwa ya bibi yangu, akiwa uani, miyaa mapajani, akitufundisha kusuka ukili na huku akitaja majina ya watu wa kwao mmoja mmoja. Niliwasha, nikaenda zangu sokoni. Niliporudi kanda ilikuwa imefika mwisho na faili lipo. Nikalifungua, nikatazama dakika mbili tatu: picha safi, sauti safi. Wiki ile binamu yangu alikuwa anaoa na kanda mpya hazikupatikana, nikarekodi harusi juu ya kanda ileile.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Tulipokaa kuitazama baada ya hitima, alichambua miyaa, akaanza kusuka, akainua uso na kusema, "Mama yake mama yangu alikuwa anaitwa..." Kioo kikawa cheusi. Dakika ya 19. Diski ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiokubali faili moja kuzidi GB 4, na GB 4 za DV ni kama dakika 19 tu. Mama alitoka nje. Lile jina hakuna aliye hai anayelijua.

Kwa hiyo fomati diski kwa NTFS kabla ya kuweka chochote ndani yake, maana kufomati hufuta kila kitu. Windows XP huiandikia bila shida, Windows mpya huisoma, na Mac nayo huisoma ingawa haiiandikii. Kabla hata ya kutumbukiza kanda kwenye kamera, sogeza kile kidude cha mgongoni mwa kanda kutoka REC kwenda SAVE, ili isirekodiwe juu yake. Picha ikishavutwa, nenda mwisho wa faili, utazame dakika ya mwisho kabisa, kisha ulinganishe urefu wake na wa kanda. Na kanda usiitumie tena, hata mtu akuombe kwa machozi.

Kwenye kompyuta mpya, mradi uwe PAL, mfumo wa video wa huku kwetu, 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, kama kamera yako ni ya mfumo huo. Usilibane faili la asili ili kulipunguza ukubwa, bana nakala.

Kanda yenye ukungu mweupe usiiingize kwenye kamera, itachafua vichwa vya kamera vinavyosoma kanda, na kanda zinazofuata zitaharibika. Sisi wa pwani hili linatuhusu sana. Andika jina na mwaka juu ya kila kanda wakati wazee wanaotambua sura bado wapo. Nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Na siku ya kuvuta, watoto wasicheze karibu na waya, simu iwe mbali, nawe usiende sokoni.