Maneno ya Hisabati yanayomkwamisha mtoto, na namna ya kumfundisha

Msomee mtoto wa darasa la tatu swali hili: "Asha ana maembe 8. Amemzidi Juma kwa maembe 3. Juma ana maembe mangapi?" Usishangae akijibu 24. Amesikia "zidi", akakimbilia kuzidisha. Mwingine atajibu 11. Jibu ni 5, na wote wawili hesabu wanaijua. Kilichowaangusha ni neno.

Anza na maneno ya mtaani yenye maana nyingine darasani. Hayo ni hatari kuliko "shufwa" (namba inayogawanyika kwa mbili), kwa sababu neno geni mtoto huliulizia, lakini alilolizoea halimshtui. Jumla ni bei ya dukani, zao ni korosho au pamba, tofauti ni kutofanana. Ukimuuliza tofauti ya 15 na 9, anaweza kukujibu kwamba 15 ina tarakimu mbili, na kwa lugha ya nyumbani hajakosea.

Chukua daftari, kila neno lipewe ukurasa wake, upige mstari katikati. Kushoto aandike maana ya nyumbani, kulia ya darasani pamoja na mfano wa namba: zao la 6 na 7 ni 42. Maneno matatu kwa wiki yanatosha, dakika kumi kwa siku. Kisha atunge sentensi yake mwenyewe. Akikariri tu maelezo yako, neno bado halijaingia.

"Toa 5 kwenye 12" wengi huandika 5 − 12, maana mkono unafuata mpangilio wa maneno. Mwekee maharage 12, asome kwa sauti, atoe matano, ndipo ashike penseli. Halafu geuza: andika 12 − 5, naye aisome kwa njia tatu: "12 kutoa 5", "toa 5 kwenye 12", "12 imezidi 5 kwa ngapi?" Hapo hata lile swali la maembe litafunguka.

Kigawo na kigawe vimeachana herufi moja tu, na Kiswahili chenyewe kinakupa ufunguo. Kizibo huziba, kifuniko hufunika, kigawo hugawa. Kiumbe kimeumbwa; kigawe ndicho kinachogawanywa. Rudi kwenye maharage 12, ayapange kwa mistari iliyo sawa: miwili ya sita, mitatu ya manne. Mitano haikubali, yanabaki mawili. Kwa hiyo vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, wakati vigawe vyake ni 12, 24, 36 na kuendelea. Ukifika KDS na KKS mwonye mapema: kwa 6 na 8, Kigawe Kidogo cha Shirika ni 24, Kigawo Kikubwa ni 2. "Kidogo" kimekipita "kikubwa", na watoto wengi hufuta jibu sahihi kwa sababu hiyo.

Mzingo na eneo vifundishe kwa njiti za kiberiti. Atengeneze mstatili wenye urefu wa njiti 4 na upana wa njiti 3. Azihesabu za pembeni: 14, huo ni mzingo. Kisha achore miraba ya njiti moja moja ndani yake: 12, hilo ni eneo. Usianze kamwe na mraba wa 4 kwa 4. Mzingo wake ni 16 na eneo lake 16, naye ataondoka akiamini ni kitu kimoja.

Shufwa na witiri mfundishe kwa ndala: zikiisha mbilimbili ni shufwa, ikibaki moja ni witiri. Mtoto anayeijua sala ya witri hahitaji maelezo zaidi. Kwenye namba tasa, yaani zenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe, angalia mambo mawili: 2 ni shufwa na ni tasa pia, na 1 si tasa kwa kuwa ina kigawo kimoja tu.

Kila Jumamosi funika upande wa kulia wa kurasa tano za zamani umuulize. Kwa anayesoma kwa Kiswahili Tanzania, akifika darasa la mwisho la msingi ongeza safu ya tatu ya istilahi za Kiingereza katika daftari lile lile, kwani kidato cha kwanza atayakuta maneno hayohayo kwa majina mapya.